Meza ya Fahari au Chungu cha Mama?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa, njia za Lubumbashi hujaa vigelegele, na vijana waliofaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani. Ndipo baba na mama huulizana: tumpeleke mtoto wetu kula wapi? Katika hoteli kubwa yenye vitambaa vyeupe mezani, au kwa yule mama wa mtaani apikaye bukari na sombe? Swali hili laonekana dogo. Lakini wako wanaolijibu kwa haraka, na deni lake huwafuata hata siku ya kulipa ada ya masomo.

Tusiwacheke wazazi wanaotamani meza ya fahari. Tamaa hiyo ina mizizi. Zamani za Wabelgiji, mji huu ulipoitwa Elisabethville, hoteli kubwa zilikuwa mahali pa Wazungu. Hata Mwafrika aliyepewa kadi ya sifa ya uraia, iliyoanzishwa mwaka 1948, hakuhesabiwa sawa nao. Basi si ajabu ikiwa wajukuu wa waliozuiwa mlangoni hupenda kuingia na kuketi kama wenye haki. Nao wana haki.

Lakini yafaa tujue tunalipia nini. Hotelini, pamoja na chakula, twalipia jenereta, barafu, kazi ya mhudumu, vitu vilivyotoka ng'ambo, na kodi ya TVA iliyoanza nchini mwaka 2012. Huo si wizi; utulivu nao una gharama yake. Wakwe wenye neno zito la kusemezana huhitaji mahali pasipo kelele.

Kwa mama wa mtaani twalipia kazi ya mikono. Majani ya muhogo yana sumu ndani yake. Yasipotwangwa na kupikwa vema, yaweza kudhuru. Kwa hiyo sombe laini tuilayo saa sita ilimwamsha mama mapema. Bukari nayo husongwa kwa nguvu za mabega. Na fedha tunayompa hurudi upesi sokoni, kwa muuza samaki na muuza makaa. Anayekiita chakula hicho cha maskini hajui thamani ya jasho.

Hata hivyo, tusichague kwa moyo tu. Kwa mama tutazame: je, maji ya kunawa na sabuni vipo? Chakula chatoka jikoni kikiwa moto, au kimelala tangu jana? Hotelini nako tusione haya kuomba orodha ya bei kabla ya kuagiza, na kuuliza kama kodi imekwisha hesabiwa. Kitambaa cheupe mezani si ushuhuda wa jiko safi.

Ninyi wazazi, kabla ya kutoka nyumbani jiulizeni mambo mawili. Kwanza, nani watakaokula? Bibi aliyemlea mtoto huyo, naye hajazoea kisu na uma, asifanywe mgeni katika sikukuu ya mjukuu wake. Pili, fedha ya kumwandikisha chuoni imekwisha wekwa kando? Kama imewekwa, nendeni mpendapo, mkale kwa furaha. Kama bado, jibu mmekwisha kulipata. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Kijana aliyefaulu asianze masomo yake kwa kungoja baba amalize kulipa deni la chakula cha siku moja.