Msimcheke Mtoto wa "Yeye"

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza husimama na kusema, "My mother, he is a farmer." Darasa zima huangua kicheko, na mara nyingi mwalimu ndiye anayeanza. Nasema bila kumung'unya maneno: ujinga hapo ni wa mwalimu, si wa mtoto.

Mtoto huyo amelelewa katika lugha yenye "yeye" mmoja. Analima, anapika, anasafiri: kiambishi "a-" hakituambii kama ni baba au mama. Kiswahili kimewaweka watu wote katika ngeli moja, wala hakikupungukiwa kitu. Kwa "he" na "she", basi, mtoto anahitaji mazoezi mengi ya mdomo, si kejeli.

Tofauti ya "he" na "him", au "I" na "me", ni jambo jingine kabisa. Hiyo Kiswahili kinayo. Tukisema "anakuita", anayeita ni "a-", na unayeitwa ni "-ku-". Geuza: "unamwita". Sasa mtenda ni "u-", na mtendwa ni "-mw-". Mtoto hajaanza hata shule, na hapo hakosei. Basi aambiwe: penye "a-", Kiingereza hutaka "he" au "she", penye "-m-" au "-mw-", hutaka "him" au "her". Hata "who" na "whom", wanaowatoa jasho watu wazima, hufunguliwa kwa ufunguo huo huo. "Nani alikuita?" ni "who", "Ulimwita nani?" ni "whom".

Lakini ufunguo huo tumeupiga marufuku. Katika miaka yangu ya ualimu nimeona watoto wakivikwa kibao shingoni kwa neno moja tu la Kiswahili. Tunamnyang'anya mtoto sarufi anayoijua, kisha tunashangaa kwamba haioni ile asiyoijua! Matokeo yake hunyamaza. Na kwetu Tanzania, anayenyamaza katika Kiingereza hunyamaza pia katika hisabati, jiografia na baiolojia, maana sekondari masomo hayo hufundishwa kwa lugha hiyo.

Wapo watakaosema nalegeza kamba. Sivyo, kosa lisahihishwe. Ila tuwe na haki. Wakubwa husema "between you and I" kwa majivuno, wakidhani "I" ina heshima kuliko "me", na hakuna anayewacheka. Shakespeare mwenyewe, katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, ametia katika barua ya Antonio "I" mahali ambapo kanuni hutaka "me". Ikiwa bingwa huyo amevumiliwa karne nne, mtoto wa mkulima hawezi kuvumiliwa muhula mmoja?

Mwalimu mwenzangu, ukimsikia mtoto akimwita mama yake "he", wanyamazishe wanaocheka. Mweleze kwa Kiswahili chanzo cha kosa lake, kisha mrudishie sentensi yake aiseme upya.