Urithi wa Hyderabad si Mawe Matupu

Wapo watu ambao, wakitajiwa urithi wa Kiislamu katika mji wa Hyderabad nchini India, hukumbuka majengo tu. Huitaja Charminar, iliyojengwa mwaka 1591 na Sultani Muhammad Quli Qutb Shah, na Msikiti wa Makka, uliokamilishwa mwaka 1694 zama za Aurangzeb. Majengo hayo yanastahili sifa. Lakini kudhani kuwa urithi wa mji huo unaishia katika mawe ni dhana potofu.

Urithi ulio hai zaidi ni elimu ya kupima wakati. Charminar iliwekewa saa zake mwaka 1889, na leo India nzima hufuata saa moja. Jua, hata hivyo, halipokei amri ya serikali yoyote. Huko Hyderabad hufika kileleni, kwa wastani, dakika 16 baada ya saa 6 mchana. Kwa hiyo Adhuhuri, kama zilivyo Alfajiri, Alasiri, Magharibi na Isha, hupangwa kwa mwendo wa jua juu ya mji wenyewe.

Jambo la kuzingatia hasa ni Alasiri. Waislamu wengi wa Hyderabad ni wa madhehebu ya Hanafi. Kwao Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapofikia mara mbili ya urefu wake, bila kuhesabu kivuli cha jua la kileleni. Lakini katika mtaa wa Barkas wanaishi wazao wa Waarabu wa Hadhramaut waliokuwa askari wa watawala wa Nizam. Hao ni Washafii, kama walivyo Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki, na kwao urefu mmoja watosha.

Basi mji mmoja una Alasiri mbili, zinazopishana kwa karibu saa nzima. Asiyejua huona mgawanyiko. Ajuaye huona hoja mbili za wanazuoni, kila moja na dalili zake, zikiishi jirani.

Kukarabati minara na kuisahau elimu hiyo ni kuhifadhi ganda na kutupa kiini. Wajibu huo ni wa walimu kabla ya kuwa wa waashi. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi mwendo wa dunia hahitaji chombo cha thamani. Kijiti, kivuli chake na ratiba ya swala vyamtosha. Humo mna hesabu, jiografia na historia. Tena mna somo la kuhitilafiana bila kuhasimiana, ambalo halijengwi kwa mawe.