Kiti cha Mbele



Wapendwa, hapa Ruangwa mwakilishi wa parokia akialikwa kwenye sherehe ya serikali hupewa kiti cha mbele, husali, kisha hurudi nyumbani. Ni heshima njema. Lakini amemwakilisha nani, ikiwa jumuiya ndogo ndogo hazikumtuma neno wala hazikuletewa jibu?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes (1965), ulitufundisha kuwa uchungu wa maskini ni wetu pia. Basi maji ya kisima na malipo ya korosho si mambo ya wanasiasa peke yao.

Tena, sheria ya mwaka 1982 humpa kila mkazi mwenye miaka 18 nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji. Huko hatuhitaji mwakilishi: twendeni wenyewe.