TAARIFA YA TAWI, LIKONI: TETEMEKO LISIWE KISINGIZIO



Wako wanaotuambia handaki la magari chini ya bahari ni ndoto, eti ardhi ikitikisika tutazama. Basi waitazame Istanbul, jirani na ufa wa Anatolia ya Kaskazini, penye matetemeko kuliko pwani yetu. Mwaka 2016 walifungua handaki la kilomita 5.4, lililoshuka mita 106 chini ya bahari. Mwamba unapokutana na udongo laini waliweka viungo vinavyonyumbuka, ili ukuta ucheze usipasuke.

Sisi bado tunasukumana ferini. Mtongwe 1994 walikufa watu 272. Hilo nalo lilikuwa tetemeko?

Tunadai daraja na handaki vilinganishwe hadharani, na gharama zitangazwe. Jumamosi saa kumi jioni, ofisi ya tawi. Sambaza.