Pikipiki Nayo Ina Afya Yake

Akina mama, hapa kwetu Mwaya masika yakishika mpunga hufurahi na wasafiri hulia. Mwezi huu hatutazungumza juu ya chanjo wala lishe. Tutazungumza juu ya pikipiki. Msishangae. Nyumba nyingi siku hizi zina pikipiki, lakini mama wa nyumba huijua kwa mlio wake tu, inaporudi jioni.

Nyumbani kwetu tuna Yamaha DT 125 ya zamani, tuliyoachiwa na marehemu baba mkwe. Ukoo wake ulianza na DT-1, ambayo Wajapani walianza kuiuza mwaka 1968 kwa watu waliopenda mchezo wa kukimbiza pikipiki porini na milimani. Iko juu, ni nyepesi, na tairi zake zina meno. Kilichokuwa mchezo kwa wengine, kwetu kikawa kazi, kwa kuwa barabara zetu ndizo hayo matope yenyewe.

Kwa mila ya Kinyakyusa, mkamwana hujitenga na baba mkwe kwa heshima. Basi hata chombo chake hatukukisogelea. Alipofariki tukakirithi, tukatia petroli, tukaendesha. Hatukuuliza neno.

Usiku mmoja wa masika jirani alitugongea mlango. Mtoto wake alikuwa na homa kali na degedege. Kijana wetu alishika usukani, mama akapakata mtoto, nasi tukafuata kwa baiskeli. Kabla ya nusu ya safari, pikipiki ilipungua nguvu, ikakwaruza kama sufuria kavu motoni, gurudumu la nyuma likakaza, ikazima. Kiki haikushuka tena. Tulisimama gizani katikati ya mashamba ya mpunga, tukimlaza mtoto kwa ubavu ili asipaliwe, hadi bodaboda mmoja alipopita akawachukua. Mtoto alipona, na leo yuko darasa la tatu. Lakini tulimshukuru Mungu tukiwa na aibu.

Asubuhi mama mkwe alituuliza swali moja tu: “Wanangu, ile oili ya ubavuni mliweka?”

Tukatazamana. Kijana alikuwa amezoea pikipiki mpya za bodaboda, ambazo oili hukaa chini ya injini. Hiyo aliiangalia, akaiona inatosha. Kumbe kwenye DT ile ya chini ni ya gia. Pistoni na silinda hupata oili kutoka tangi dogo la ubavuni. Pampu huivuta kidogo kidogo, ikachanganyika na petroli na kuungua pamoja nayo. Ndiyo maana hutoa moshi wa buluu. Tangi hilo likikauka, pistoni huchemka, huvimba na kunasa ndani ya silinda. Fundi alipanua silinda, akaweka pistoni na ringi mpya. Gharama ilimeza mpunga tuliouwekea karo.

Mama mkwe alijuaje? Miaka yote yeye ndiye aliyetunza chupa ya oili, akimkabidhi mzee kila alipotoka safari. Hakuwahi kuendesha, lakini alielewa.

Wala si yeye wa kwanza. Mwaka 1946, baada ya vita, Bwana Soichiro Honda wa mji wa Hamamatsu, Japani, alifunga injini ndogo ya jenereta ya redio ya jeshi kwenye baiskeli. Mke wake, Sachi, aliyekuwa akihangaika kwa baiskeli kutafuta chakula cha nyumbani, ndiye aliyepewa aijaribu barabarani. Alirudi nguo zimechafuka mafuta, akamwambia mumewe kwamba hivyo wateja watalalamika. Kampuni ya Honda ilianzishwa mwaka 1948, wakati mwanamke alikuwa amekwisha kuona kasoro.

Basi mama, fanya haya:

Kwanza, uliza pikipiki yenu inatumia oili gani, na inatiwa wapi. Kama ni ya aina ya DT, funua tangi la ubavuni kila inapotiwa petroli.

Pili, mwombe fundi akuonyeshe plagi. Sisi wauguzi hutazama ulimi na kope za mgonjwa. Plagi nayo ni ulimi wa injini. Ikiwa ya rangi ya kahawia, ni nzima. Ikiwa nyeusi yenye mafuta, huenda chujio la hewa limeziba au oili imezidi. Ikiwa nyeupe, injini inachemka mno. Isiende safari kabla ya kutazamwa.

Tatu, baada ya mvua na mchanga wa ziwani, cheni isafishwe na kupakwa oili, chujio la hewa likaguliwe na breki zijaribiwe. Jumamosi, nguo zikiwa kambani, yatosha.

Nne, petroli na oili zisikae kamwe katika chupa za soda. Mtoto akinywa petroli msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja. Akiungua kwa bomba la moshi, mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno wala mafuta.

Tano, kofia ngumu ivaliwe hata kwa safari ya karibu. Shirika la Afya Duniani linasema kofia nzuri, ikifungwa sawasawa, hupunguza sana hatari ya kufa ajalini.

Baba watoto aliposema tuiuze, tulimwomba tuibakize. Leo chupa ya oili iko jikoni kwetu, na mabinti zetu wanajua ni ya nini. Vyombo tulivyokabidhiwa vinatutaka tuvijue, si kuvimiliki tu. Usingoje usiku wa degedege ndipo uulize.

Hadi mwezi ujao, Bwana akitujalia.