Chokaa Yetu, Mifupa Yetu

Kabla sijawalaumu wengine, sina budi kujilaumu mwenyewe. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja aliniuliza ule unga ambao madaktari hujazia pengo la mfupa hutengenezwaje. Nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya maabara za Ulaya. Yeye aikariri fomula, mtihani umekaribia. Akaikariri. Bila shaka naye amewakaririsha wengine.

Jibu lile lilikuwa la uvivu, na mpaka leo ninalisikia kwa walimu wa pwani yetu, Kilwa hadi Lindi, tena wenye shahada zao.

Hebu tuutazame huo unga. Sehemu ngumu ya mfupa ni fosfati ya kalsiamu iitwayo haidroksiapataiti. Chembe zake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Njia mojawapo ya kuzitengeneza huanza na chokaa iliyomwagiwa maji, ndugu wa chokaa iliyojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Chokaa safi hukorogwa majini, kisha asidi ya fosforasi hudondoshwa tone kwa tone, mpaka kila atomu 10 za kalsiamu zipate 6 za fosforasi. Ukiimwaga asidi kwa pupa, utapata fosfati nyingine usiyoitaka. Mashapo meupe huachwa yakomae, huchujwa, huoshwa na kukaushwa. Unga huo ukishindiliwa na kuchomwa kwa joto la nyuzi 1,000 na zaidi huwa kauri, na mwili huipokea kwa kuwa inafanana na mfupa wenyewe.

Sasa niambie, msomaji, ni wapi hapo palipoandikwa kwamba Mswahili haingii? Haba na haba hujaza kibaba: huo ndio ufundi wenyewe, na bibi zetu walikuwa nao.

Wapo watakaosema, “Mzee, unataka watoto watengeneze dawa darasani?” Hasha! Kauri ya kuwekwa mwilini hutaka usafi, vipimo na majaribio ambayo chuo hakiwezi, na asidi si ya kuchezea. Ninachotaka ni mwanafunzi ayaone mashapo yale kwa macho yake, mwalimu akiwa kando yake, ili siku moja aingie katika maabara kubwa kama mwenyeji, si kama mgeni.

Wala nisieleweke kwamba tukavunje matumbawe. Ni kweli kwamba mwaka 1974 watafiti Roy na Linnehan walionyesha jinsi tumbawe linavyoweza kugeuzwa haidroksiapataiti kwa joto na mgandamizo. Lakini mwamba ni nyumba ya samaki, na matanuri ya chokaa yamekwisha kuuumiza vya kutosha. Maganda ya mayai nayo yana kalsiamu. Mifupa ya samaki ina kalsiamu na fosfati pia. Vyote hivyo tunavitupa jalalani kila siku.

Kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale huko Tendaguru. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi wa wachimbaji, na wapagazi waliibeba mifupa hiyo kwa miguu hadi Lindi. Zaidi ya tani 200 zilivuka bahari kwenda Berlin. Wazee wetu walibeba mifupa. Elimu ya mifupa ikakaa ulikoshushwa mzigo. Wao walikuwa chini ya mkoloni. Sisi tuna udhuru gani?

Mkataa kwao ni mtumwa, na mwalimu anayewafundisha watoto kwamba elimu ni ya wengine anawafunga minyororo kwa chaki. Mimi niliwafunga. Mwanachuo wangu, popote ulipo, lifute jibu langu. Chukua chokaa, uanze upya.