GRILI ISIYOFUNGUKA



Mwenzetu mmoja wa karakana, akaaye Riruta, ametuletea karatasi aliyopewa alipoomba mkopo wa kununua nyumba ndogo. Ni karatasi ya mthamini, yule bwana anayetumwa kuitazama nyumba na kusema ina thamani gani, na malipo yake hutoka mfukoni mwa mwenye kuomba mkopo. Tuliisoma pamoja saa ya chakula. Imeandikwa vizuri sana: kuta za mawe, paa la mabati, maji yapo, umeme upo, gari linafika mlangoni. Chini yake imeandikwa: madirisha yote yana grili za chuma, usalama mzuri.

Usalama wa nani? Twauliza kwa heshima. Grili hizo zimejengewa ndani ya ukuta, hazina bawaba wala komeo. Chumba cha watoto kina dirisha moja na mlango mmoja, na mlango huo hufungukia sebuleni, palipo na jiko la gesi. Moto ukishika sebuleni usiku, watoto watatu hawana njia ila kupita katikati yake. Mwizi amezuiwa asiingie, ni kweli. Na watoto wamezuiwa wasitoke.

Wengine watasema twatafuta neno la kuandika. Sivyo. Mwezi wa Machi mwaka 2001 bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, liliungua usiku, wakafa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa kitabu cha usalama wa shule, nacho chasema wazi kwamba dirisha la bweni lisiwe na grili na lifunguke kwa urahisi kuelekea nje. Ni agizo jema, ingawa si kila shule imelifuata. Basi mtoto akilala shuleni, Serikali yataka dirisha lake liwe njia. Akija nyumbani likizo analala nyuma ya vyuma, na nyumba hiyo inapita bila neno kwa mkopo ulio na mkono wa Serikali ile ile.

Twasema mkono wa Serikali kwa sababu hii. Tangu mwaka 2018 liko shirika la Kenya Mortgage Refinance Company, ambalo Hazina ya Serikali ni mwenye hisa ndani yake. Kazi yake ni kukopesha mabenki na vyama vya akiba na mikopo, ili navyo vipate kumkopesha mtu wa mshahara mdogo kwa riba nafuu na kwa miaka mingi. Tena liko katizo la nyumba, lililoanza mwaka 2023 na kuwekwa katika Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024. Kila mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Apataye shilingi 30,000 huacha 450 kila mwezi, apate nyumba asipate. Mtu anayelipa hivyo hawezi kuambiwa kwamba habari za madirisha si zake.

Huko Marekani liko shirika la Serikali lililoanzishwa mwaka 1934, Federal Housing Administration, nalo hudhamini mikopo ya nyumba. Mthamini wake haruhusiwi kuhesabu vyumba tu na kwenda zake. Yampasa aone kwamba aliye katika chumba cha kulala aweza kutoka nje ikiwa moto umetokea. Grili hazikukatazwa, mradi zifuate sheria ya moto ya mahali pale. Kanuni za ujenzi zinazotumika sehemu nyingi za nchi hiyo zataka grili ya chumba cha kulala ifunguke kutoka ndani bila ufunguo na bila chombo. Dirisha lenyewe, likifunguliwa, nafasi isipungue inchi 20 kwa upana na inchi 24 kwenda juu, na kizingiti cha chini kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Fundi yeyote atakayepiga hesabu ataona kwamba 20 kwa 24 hazitoshi, kwa sababu wameongeza sharti la jumla ya futi za mraba 5.7. Lazima upande mmoja uzidi, maana anayepita hapo huenda ni askari wa zimamoto na mzigo wake mgongoni.

Hatutaki kuiga watu kwa kuwa ni wakubwa. Lakini twaona wametumia akili mahali pamoja: wamemshika mwenye fedha. Mjenzi wa hapa kwetu husikia maneno ya mpangaji kama mtu asikiavyo mvua juu ya bati. Benki ikisema haitoi mkopo mpaka dirisha lirekebishwe, asubuhi fundi yuko kazini. Na mthamini ndiye mtu pekee atumwaye na wenye fedha anayeingia mpaka chumbani kwa mtoto. Apewe mstari mmoja zaidi katika karatasi yake: je, aliye ndani aweza kutoka kwa dirisha hili?

Kuna wanaouliza juu ya mwizi: akivunja kioo atatia mkono na kufungua komeo. Sisi ni watu wa chuma, jambo hili si gumu kwetu. Komeo huwekwa mbali na kioo na kufunikwa kwa kipande cha bati nene upande wa nje. Kufuli siyo dawa. Tumeona nyumba yenye grili ya bawaba na kufuli nzuri, na ufunguo wake haujulikani ulipo tangu mwenye nyumba wa kwanza. Kwa ghorofa ya nne twakubali kwamba dirisha peke yake halitoshi. Huko lazima kuwe na ngazi ya pili. Hata hivyo dirisha linalofunguka hutoa moshi, na moshi huua kabla ya moto kufika.

Wengi wetu hatuna mkopo wowote. Twapanga chumba cha futi 10 kwa 10 Kawangware au Ng'ando, na dirisha ni la mwenye nyumba. Kwa hao twasema mwombeni abadilishe grili moja tu, nanyi mjitolee kazi ya kuchomelea. Akinunua chuma, mikono tunayo.

Halmashauri itaandika barua kwa shirika la mikopo tulilolitaja, na kwanza kwa chama chetu wenyewe cha akiba na mikopo, ambacho wakubwa wake twawachagua kwa kura na hawawezi kutukimbia. Kabla ya mkutano wa tawi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kila mwanachama wa Dagoretti apime dirisha la chumba alalacho: upana, urefu, kimo kutoka sakafuni, na kama grili yafunguka au haifunguki. Aandike kwenye karatasi na kumpa karani wa tawi. Jina si lazima.